Mvua Si Sababu

Sajini Lakot alimkamata mwizi wake wa kwanza kwa sababu mwizi alichoka. Ilikuwa Tororo, yeye konstebo mpya mwenye baiskeli ya serikali, nyeusi, nzito kama mlango wa benki, na mwizi alikuwa na miguu yake miwili na mbuzi wa watu. Kilomita saba. Mbuzi aliachwa kwenye kilomita ya pili, lakini Lakot hakusimama hapo, maana ripoti ilisema mwizi. Mwishoni yule jamaa alikaa kando ya njia, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akasema, "Dada, nifunge tu, lakini nipe maji." Kutembea hakuweza tena. Lakot akampakia kwenye keria hadi kituoni, na mkuu wa kituo akauliza ni nani aliyemkamata mwenzake, kwa sababu wote wawili walikuwa wanatapika.

Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko misa. Kila anapoisimulia kilomita hazizidi saba. Ndiyo maana ninaiamini. Mtu mwingine wa Kampala angekuwa ameshafika kilomita thelathini na mwizi ana bunduki.

Miaka ishirini na saba alikuwa askari, ishirini kati ya hiyo katika nguo nyeupe za trafiki, amesimama katikati ya makutano ya jiji hili, moshi ukimpita puani. Alistaafu mwaka jana. Nyumba ya kambini ni ya mwenye kazi, kwa hiyo akahama, akapanga chumba hatua mia tatu kutoka lango la kambi ya Nsambya, ili asubuhi aendelee kusikia parapanda na kuwalaumu wanaoipuliza. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Akiwa na hasira na redio, mimi najua ni kituo gani.

Baiskeli ndiyo hakuistaafu. Miaka kumi na moja iliyopita, yeye na Sulaimani, Mnubi mwenye malori ambaye siku hizi ana tumbo la mwenye malori, waliunda Klabu ya Magurudumu ya Nsambya. Sulaimani alitoa meza. Lakot alitoa katiba, ameiandika mwenyewe kwenye daftari la shule kwa mtindo wa maelezo ya polisi, kifungu kwa kifungu, mpaka unaposoma unatamani kukiri kosa. Kifungu cha tisa kina maneno matatu: *Mvua si sababu.*

Mbio zetu ni za kushindana na saa. Hakuna kusukumana. Kila mtu anaondoka peke yake, dakika moja baada ya mwenzake, kutoka Nsambya, anapita Kabalagala na Kansanga, anateremka mpaka Ggaba ziwani, anazunguka pipa jekundu, anarudi. Kilomita kumi na nane. Limiti ni dakika hamsini. Ukizidisha, unaandikwa "nje". Ukiandikwa nje mara tatu katika mwaka, jina lako linatolewa kwenye orodha ya mbio na kupelekwa kundi la chai.

Kundi la chai ni watu wazuri. Wanaendesha Jumamosi mpaka kwenye hoteli fulani, wanapiga picha na baiskeli, wanakunywa chai, wanarudi kwa gari. Lakot anawazungumzia kama mtu anavyozungumzia jela. "Chai ninayo nyumbani," anasema. "Sijawahi kuvaa helmeti kuinywa."

Mwaka huu alikuwa ameandikwa nje mara mbili, na usidhani ni miguu. Miguu yake ina miaka hamsini na nne na inamshinda Sulaimani mlima wowote. Tatizo ni uaskari. Mara ya kwanza, katikati ya mbio, aliona teksi inakuja upande usio wake pale Kansanga. Akashuka. Akamrudisha dereva kinyumenyume mita mia mbili, akitembea mbele ya gari na kumtazama machoni njia nzima. Mara ya pili ilikuwa boda iliyobeba watu wanne na mbuzi. Labda mbuzi ndiye aliyemkumbusha Tororo, sijui. Aliwashusha mmoja mmoja, akawapa somo, akawaambia mbuzi ndiye pekee aliyekaa vizuri.

"Afande," Sulaimani alimwambia siku hiyo, "hii ni mbio, si doria."

"Nimestaafu mshahara," Lakot akajibu. "Mkono sijastaafu."

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumapili ile ya mvua, yeye na nje mbili, na moja tu imebaki.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ile ya kupiga mabati mpaka mtu unaota uko ndani ya ngoma. Saa moja kasoro robo waendeshaji kumi na tisa walikuwa chini ya kibanda cha chapati, wamebanana na baiskeli zao. Mimi si mwendeshaji. Mimi ni ufagio: napanda nyuma ya pikipiki ya Tresor, tunamfuata mtu wa mwisho ili akianguka asianguke peke yake. Tresor ni wa Bunia, huko Kongo, anaendesha pikipiki kwenye matope kama aliyezaliwa humo, na malipo yake ni kumcheka kila mtu.

Mezani alikaa Kaltumi, binti ya Sulaimani, na saa ya mbio, daftari la nyakati, na mwavuli mkubwa wa baba yake. Juu ya daftari kulikuwa na filimbi ya Lakot. Hayo yalikuwa mapatano: filimbi inabaki mezani, asije akashawishika.

Sulaimani akakohoa kama mwenyekiti. "Ndugu zangu, mnaona hali. Mimi naona tuahirishe. Wiki ijayo hatuna haraka."

Watu kumi na saba wakaitika kwa shingo. Lakot alikuwa amevaa mfuko wa plastiki juu ya helmeti, ameufunga kidevuni, na namba yake ya tangu mwanzo, namba tatu, kifuani.

"Kifungu cha tisa," akasema.

"Banange, jamani Afande!" Sulaimani akashusha sauti, lakini kibandani hakuna siri. "Wewe ndiye wa kufurahi. Una nje mbili. Kwenye maji haya utaandikwa ya tatu. Tunakuonea huruma wewe."

"Huruma ipeleke hospitali, iko hapo juu mlimani. Mimi nimekuja mbio."

"Dada Lakot..."

"Sule. Nani aliandika kifungu hicho?"

"Wewe."

"Nilipokiandika nilikuwa nimelowa au nimekauka?"

Sulaimani akatazama tumbo lake, akatazama mvua, akachukua namba yake. Tresor akaniambia sikioni, "Mama huyu iko na kichwa nguvu." Nikamwambia hiyo si habari, hiyo ni jiografia.

Saa moja na nusu mtu wa kwanza akaondoka. Sulaimani alikuwa wa kumi na nane, Lakot wa mwisho, kwa sababu wenye nje mbili huondoka mwisho ili ufagio uwe nao. Kaltumi akahesabu tano, nne, tatu, na yule mama akaondoka kama aliyeitwa kwa jina lake lote.

Mteremko wa kwanza alikuwa anaruka. Maji yalikuwa yanakimbia pamoja naye na mengine yakashindwa. Nilisoma upimaji wa ardhi mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo najua kupima mlima wa kupanda, somo la kuteremka sikulifikia, lakini hata mimi niliona kwamba dakika zake zilikuwa nzuri.

Halafu Kabalagala.

Lori la mchanga lilikuwa limetumbukiza gurudumu la nyuma mtaroni, likaziba nusu ya barabara. Nusu iliyobaki ingetosha kama watu wangepishana. Lakini hii ni Kampala, kupishana ni kushindwa. Magari ya kwenda na ya kurudi yalikuwa yamekutana pua kwa pua, bodaboda zimejaza nafasi zote kama mchanga kwenye viatu, na madereva wawili wa mbele walikuwa wamezima injini na kukunja mikono. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenziwe awe mjinga kwanza.

Sulaimani alikuwa ameshapita. Tulimwona kwa mbali, baiskeli begani, anatembea juu ya kizingiti cha duka kama mtu aliyeiba. Ndivyo walivyofanya wote waliotangulia, na ni sekunde thelathini tu.

"Beba, Afande!" nikapiga kelele. "Beba upite!"

Akabeba. Naapa alibeba. Akapita kizingitini, akafika upande wa pili, akaishusha baiskeli, akaweka mguu kwenye pedali. Mbele yake barabara ilikuwa tupu mpaka Kansanga, maji matupu yanang'aa.

Akageuza shingo.

Baadaye alisema ilikuwa hesabu: wote tungerudi kupitia hapo hapo, na jamu ya dakika ishirini ingekuwa imezaa watoto. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa namtazama, na mkono wake ulianza kupanda kabla hesabu yoyote haijaanza.

Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo. Filimbi hana, akatia vidole viwili mdomoni, na sauti iliyotoka pale ilimfanya hata Tresor akae wima. Kisha hakwenda katikati. Hiki ndicho alichonifundisha siku moja uani kwa viberiti na vifuniko vya soda: jamu haifunguliwi kichwani, inafunguliwa mkiani. Wale wawili wa mbele wanaopigana hawana nafasi hata wakitaka kuwa na adabu. Mwenye ufunguo ni gari la nne au la tano, dereva amekaa kimya anakula njugu, hajui kwamba yeye ndiye mlango. Lakot akaenda mpaka gari la tano, kagari keupe, akagonga dirisha.

"Rudi nyuma nusu mita."

Kioo kikashuka kidole kimoja. "Wewe mama wa baiskeli, wewe ni nani?"

Alikuwa na kaptura ya kubana, matope mpaka mgongoni, plastiki kichwani. Akainama dirishani.

"Mimi ndiye uliyekuwa ukimwona mbali unavaa mkanda. Miaka ishirini. Rudi nyuma."

Kakarudi. Na mkono wa dereva ukaanza kutafuta mkanda.

Baada ya hapo ilikuwa kama kuangalia mtu anasuka nywele. La nne likarudi, la tatu likakaa pembeni, wa mbele akajikuta ana nafasi na hana tena sababu ya hasira. Akapitisha kumi kutoka Ggaba, akafunga kwa kiganja, akapitisha kumi kutoka mjini. Mvua inampiga usoni na hafumbi jicho. Mimi nilikuwa natazama saa yangu. Dakika mbili. Tatu.

"Afande, saa!" nikamwambia. "Nje ya tatu! Chai, Afande!"

"Najua saa. Wewe!" Alikuwa anamwita kijana wa boda mwenye koti la mvua la rangi ya waridi, aliyekuwa amesimama anafurahia sinema. "Jina lako?"

"Hamim."

"Hamim, simama hapa nilipo. Kumi kutoka huku, kumi kutoka kule. Hesabu kwa sauti. Anayebisha, usimjibu, mwonyeshe kiganja."

"Afande, mimi si polisi."

"Na mimi si polisi. Simama."

Hamim akasimama. Lakot akaruka juu ya baiskeli. Dakika nne na nusu zilikuwa zimekwenda na maji.

Sasa ndipo nilipomwona yule aliyemchosha mwizi. Kansanga barabara ilikuwa imekuwa mto, mashimo hayaonekani, na yeye akapita katikati bila kugusa breki, kwa sababu mashimo ya barabara hiyo anayajua kama meno yake. Mlima wa Bunga akausimamia kwenye pedali. Waliokuwa wanarudi wakawa wanapishana naye, nyuso zimekauka kwa baridi, na kila aliyempita alitazama saa yake kwanza, kisha akamtazama yeye, kisha akatazama kando. Sulaimani akapiga kelele, "Polepole, Afande, imeshakwisha!" Akajibiwa kwa Kiacholi. Sijui maana, na Tresor naye hajui, lakini alicheka mpaka tukayumba.

Ziwani upepo ulikuwa unatoka mbele, mvua inakuja imelala. Akazunguka pipa, akageuka, na upepo ukamsukuma mgongoni.

Kabalagala tukaikuta inatembea. Katikati yake koti la waridi, mikono juu, "saba, nane, tisa!" Dereva mmoja alikuwa anamtukania mama yake, Hamim akamwonyesha kiganja na kuendelea kuhesabu. Alipomwona Lakot akafunga pande zote mbili. Yule mama akapita katikati ya jiji zima lililosimama, kichwa chini, bila hata kusema asante.

Mlima wa mwisho nilifumba macho. Nilipofumbua Kaltumi alikuwa ameshabonyeza saa.

Hamsini na sekunde kumi na moja.

Sulaimani alikuwa amekaa kwenye benchi na chapati mkononi, amekimbia vizuri kuliko siku zote za mwaka huo. "Njia ya kurudi ilikuwa nyeupe leo," alikuwa anawaambia wenziwe. "Sijui serikali imeamka?"

Tresor akazima pikipiki. "Serikali gani? Si ni huyu mama ndiye alifungulaka njia!"

Chapati ikasimama njiani kwenda mdomoni. Sulaimani akamtazama Lakot, ambaye alikuwa ameinama juu ya usukani, mvuke unamtoka mgongoni kama sufuria. Mzee wa watu si mbaya. Akainuka, akaenda mezani, akasema taratibu, "Kaltumi, mwanangu. Andika arobaini na tisa."

"Andika hamsini na sekunde kumi na moja," Lakot akasema bila kuinua kichwa.

"Afande, kwa haki ya Mungu, sisi sote tumepita pale kwa mkono wako."

"Nilisimama. Nilitamani kupita, nikasimama. Kaltumi, miaka yote niliandika watu walichofanya. Nikianza leo kuandikiwa nilichotamani, wote niliowaandika watarudi kudai. Leta rula."

Kaltumi akaleta rula. Lakot akafungua orodha ya mbio, akalikata jina lake mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka tarehe, akatia sahihi. Akafungua pini nne, akaweka namba tatu mezani, imelowa. Mama wa chapati, ambaye hajawahi kuelewa mchezo wetu, alianza kulia kwa sababu alidhani mtu amefariki.

Lakot akajipangusa uso.

"Saa bado iko mezani?"

"Iko," Kaltumi akasema.

"Kifungu cha kumi na nne. Soma."

Sulaimani hakuhitaji daftari. Nilimwona uso ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. "Mgeni anayetaka kuingia klabuni," akasema polepole, "ataikimbia njia peke yake ndani ya limiti, siku yoyote ambayo saa iko mezani."

"Mimi ni mgeni. Nipe fomu."

"Afande, umetoka kuendesha kilomita kumi na nane!"

"Kifungu kinasema mgeni awe amelala vizuri?"

"Hakisemi."

"Mvua je, kuna kifungu?"

Watu kumi na wanane, kwa pamoja, kama kwaya: "Mvua si sababu!"

Alijaza fomu amesimama, maji yanadondokea karatasi. Jina: Lakot. Kazi: mstaafu. Umewahi kushiriki mbio za baiskeli? Nililisoma jibu begani kwake: *Nimewahi. Nimefukuzwa leo asubuhi.*

Kaltumi akahesabu tano, nne, tatu.

Sitakudanganya kwamba aliruka. Mteremko wa kwanza aliutumia kupumua, na Kansanga shimo moja lilimkumbuka yeye kabla yeye hajalikumbuka. Mlima wa Bunga alikuwa anatoa sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu. Lakini yale maji yote hayakuwa na jambo jipya la kumwambia. Na Kabalagala, tulipokuwa tunakwenda, lori lilikuwa bado mtaroni na koti la waridi lilikuwa bado barabarani.

"Afande!" Hamim akapiga kelele, mikono juu, ametota mpaka mifupani. "Hukuniambia niondoke!"

"Nani kakwambia uongee kazini!" Lakot akamjibu, akapita.

Na hapo nilimtazama mkono wake wa kulia, maana nilikuwa na hofu nao. Upande wa kushoto dereva mmoja alikuwa anajaribu kupanda juu ya kizingiti, kosa lenye herufi kubwa, kosa ambalo kwa siku nyingine lingemgharimu dakika kumi. Mkono ukatikisika. Ukabaki kwenye usukani.

Arobaini na tisa na sekunde thelathini na nane.

Safari hii walipiga kelele mpaka askari wa langoni kambini akaja kuuliza. Sulaimani mwenyewe alimshikia Lakot baiskeli asianguke nayo, akaokota namba tatu mezani, akaikung'uta maji.

"Chukua namba yako, dada."

"Mgeni wa mwisho alipewa ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Basi mimi ni thelathini na nne. Tatu mpe mtu mwenye historia." Akasubiri Kaltumi aiandike, akaitazama, akaona imeandikwa vizuri. "Na filimbi yangu."

Kaltumi akampa. Lakot akaivaa shingoni, akageuza baiskeli tena kuelekea Kabalagala. Tukadhani amechanganyikiwa na baridi.

"Dada Lakot, kaa kwanza!" Sulaimani akaita. "Chai iko tayari!"

"Chai ni ya kundi la chai," akasema, tayari anateremka. "Nina mtu wangu barabarani tangu asubuhi, hajapokelewa zamu."